UZI: Kuanza afilieti kwa matangazo ya kulipia ya utafutaji. Jua thamani ya kliki moja kabla hujaweka kadi ya benki

#1 Mpima_Kliki (mtoa mada)

Wakuu, salaam.

Maswali ya afilieti hapa ndani hayaishi, na majibu mengi ni ya njia ile ya kuandika makala kisha kusubiri miezi mpaka Google ikuletee wasomaji. Uzi huu ni wa njia nyingine. Unanunua kliki kwenye Google Ads au Microsoft Advertising, mgeni anafikia ukurasa wako, anapita kwenda kwa muuzaji, akinunua unalipwa kamisheni. Kinachobaki baada ya kutoa gharama ya kliki ndiyo riziki yako.

Biashara hii si ngeni. Amazon walifungua mpango wao wa afilieti mwaka 1996, na GoTo.com, mtandao wa utafutaji wa enzi hizo, wakaanza kuuza nafasi za juu za matokeo ya utafutaji kwa mnada mwaka 1998. Google wakaja na AdWords mwaka 2000, ambayo tangu 2018 inaitwa Google Ads. Kwa hiyo unaingia kwenye mnada ambao wenzako wamekaa nao zaidi ya miaka 20. Ukiingia bila hesabu, wao ndio watakaokula mtaji wako.

Hesabu yenyewe iko hivi. Tuseme unatangaza programu ya uhasibu na kamisheni ni dola 40 kwa kila mteja anayelipia. Watu 100 wanabofya tangazo lako na kufika kwenye ukurasa wako. Kati yao 30 wanabofya kiungo cha kwenda kwa muuzaji. Katika hao 30, muuzaji anafanikiwa kuwauzia asilimia 5, yaani mauzo 1.5 kwa wastani. Zidisha kwa dola 40, unapata dola 60 kwa kliki 100, sawa na senti 60 kwa kliki moja. Sasa toa wanaorudisha bidhaa na kudai pesa yao. Wakiwa asilimia 10, unabaki na senti 54.

Hizo senti 54 ndizo ukuta wako. Ukilipa 54 hujapata kitu, ukilipa 60 unamfanyia muuzaji kazi na kumwongezea nauli. Ili ubaki na faida yenye maana, lenga kliki ya senti 30 hadi 40. Kama bei ya mnada kwa maneno unayoyataka ni dola 2, bidhaa hiyo haikufai kwa njia hii hata kama kurasa zao za matangazo zinang'aa vipi. Achana nayo mapema, tafuta yenye kamisheni kubwa au maneno yasiyogombewa sana.

Namba za kuanzia utazitoa wapi? Bei ya kliki unaikadiria kwenye Kipangaji cha Maneno ndani ya Google Ads. Kiwango cha watu wanaonunua, muulize meneja wa mpango wa afilieti kwa barua pepe. Wengi wanajibu, kwa sababu wanataka uuze. Mitandao ya afilieti kama CJ, inayounganisha wauzaji na maafilieti, inaonyesha pia wastani wa mapato ya maafilieti wengine, lakini angalia vizuri: CJ wanauandika kwa kila kliki 100, na mgeni akidhani ni kwa kliki moja anapotea kabisa.

Kabla ya yote hayo, soma masharti ya mpango kuhusu matangazo ya kulipia. Yasome yote. Mipango mingi inakataza kununua jina la kampuni kama neno la utafutaji. Mingine inakataza matangazo ya utafutaji kabisa. Amazon, ambao wengi mnaanzia kwao, hawaruhusu ununue tangazo la utafutaji linalompeleka mtu moja kwa moja kwenye tovuti yao. Ukikiuka, kamisheni zinafutwa, lakini Google hawakurudishii senti ya kliki ulizokwisha lipia.

Nitaendelea na maneno na mpangilio wa akaunti. Ulizeni.

#2 Chanda_Pete

Mtoa mada, ubarikiwe. Nilikuwa nataka kujua, lazima niwe na tovuti? Kuna video nimeona jamaa anachukua kiungo chake cha afilieti anakiweka kwenye tangazo moja kwa moja.

#3 Mpima_Kliki

Mkuu Chanda, njia hiyo ilifanya kazi zamani ndiyo maana bado inafundishwa. Tangu Januari 2005 Google wana utaratibu kwamba kwenye utafutaji mmoja, matangazo yanayoelekea tovuti ileile hayapangwi pamoja kutoka kwa watu tofauti. Maana yake ukimpeleka mtu moja kwa moja kwa muuzaji, unashindana kwenye mnada na maafilieti wenzako wote pamoja na muuzaji mwenyewe, kwa nafasi moja. Muuzaji halipi kamisheni kwa mtu, hivyo anaweza kulipia kliki zaidi yako. Utamshinda vipi?

Halafu kuna upande wa pili. Ukijenga ukurasa ambao hauna kitu zaidi ya kitufe cha "nenda dukani", Google wanauita ukurasa wa daraja na wanaukataa. Sera yao inataka mahali mtu anapofikia pawe na manufaa yake penyewe. Ninakubaliana nao kwa hili, kwa dhati kabisa. Mtu ameuliza swali, amekuamini akabofya. Mpe kitu.

Kwa programu ya uhasibu, kitu hicho kinaweza kuwa jedwali la kulinganisha programu tatu ulizozitumia kwa mikono yako, picha za skrini ulizopiga mwenyewe, kipi kimekosekana, nani asiinunue. Hilo la mwisho watu wanaliogopa, lakini msomaji akishaona umemwambia "kama una wafanyakazi wengi programu hii haikufai", anaamini na mengine uliyosema. Pia wanaopita kwenda kwa muuzaji wanakuwa wale wanaofaa kweli, na kurudisha pesa kunapungua.

Na uandike waziwazi, juu, si chini kwa herufi ndogo, kwamba unalipwa kamisheni mtu akinunua kupitia kiungo chako. Marekani FTC, tume inayolinda wanunuzi, inadai hivyo, na mipango mingi imeweka kwenye mikataba yake.

#4 Nahodha_wa_Usiku

Mimi nafanya hii kitu. Naongezea kwenye masharti: hata pale jina la kampuni halijakatazwa waziwazi, andika barua pepe uombe ruhusa, uhifadhi jibu. Niliwahi kunyimwa kamisheni ya mwezi mzima na mpango mmoja kwa sababu tangazo langu lilijitokeza mtu alipotafuta jina lao. Neno hilo sikulinunua. Nilinunua neno pana na mfumo ukalipanua wenyewe. Tangu hapo majina yao nayaweka kwenye orodha ya maneno ya kuzuia (mtu akiyaandika, tangazo langu lisionekane) siku ya kwanza.

#5 Mpima_Kliki

Nahodha, asante, umenifungulia mlango wa maneno.

Wakuu, kwenye matangazo ya utafutaji unachonunua ni nia ya mtu. Tazameni hawa wanne:

"uhasibu ni nini" – mwanafunzi.
"jinsi ya kuandaa mizania" – mtu ana kazi mezani leo, haendi kununua chochote.
"programu bora ya uhasibu kwa biashara ndogo" – huyu ameshaamua atanunua, hajajua ipi.
"programu fulani au fulani ipi bora" – huyu kadi iko mkononi, anatafuta sababu ya mwisho.

Bajeti ndogo iende kwa wawili wa mwisho tu. Wale wa juu wana kliki za bei nafuu na ndio mtego wenyewe, kwa sababu senti 10 kwa mtu asiyenunua ni ghali kuliko senti 50 kwa mtu anayenunua. (Yule wa nne hutaja majina ya kampuni, kwa hiyo kumbuka neno la Nahodha.)

Kuna namna tatu za kulinganisha neno lako na alichoandika mtu: pana, ya kifungu na kamili. Pana inaruhusu Google kuonyesha tangazo kwa chochote wanachoona kinahusiana. Kifungu ukiandika ndani ya alama za kunukuu kinabana zaidi, na kamili ndani ya mabano ya mraba ndiyo inayobana kuliko zote, ingawa hata hiyo siku hizi inakubali maneno yenye maana sawa. Anza na kamili, ongeza kifungu kidogokidogo. Pana iache mpaka akaunti iwe na historia ya mauzo.

Halafu maneno ya kuzuia. Kwa mfano wetu: ajira, kozi, mtihani, bure, maana, ingia, namba ya simu, huduma kwa wateja. Anayetafuta "ingia" tayari ni mteja wa muuzaji, hutalipwa kwa ajili yake. Muhimu: maneno ya kuzuia hayashiki visawe. Ukizuia "bure", mtu aliyeandika "bila malipo" bado atakupata. Lazima uandike yote.

Kila siku katika wiki ya kwanza fungua ripoti ya maneno waliyoandika watafutaji wenyewe. Si maneno uliyonunua wewe, ni yale waliyoandika wao. Hapo ndipo utaona pesa inakotoboka. Tangu 2020 Google hawaonyeshi maneno yote, yenye watafutaji wachache yanafichwa, lakini yanayoonekana yanatosha kukufundisha.

#6 Kiganja_Wazi

Nafuatilia kwa karibu sana.

#7 Sauti_ya_Bahari

Kaka Mpima, nina swali kuhusu mnada. Kama wakubwa wana pesa, sisi wadogo tutaonekana saa ngapi? Si wataweka dau kubwa wachukue nafasi zote?

#8 Mpima_Kliki

Dada Sauti, swali zuri, na hapa ndipo mdogo ana nafasi.

Enzi za GoTo.com ilikuwa hivyo unavyosema, dau kubwa ndilo lililokaa juu. Google mwaka 2002 walibadilisha mchezo kwa kuchanganya dau na uwezekano wa tangazo kubofywa. Leo wanaangalia mambo matatu ya ubora: tangazo linatarajiwa kubofywa kiasi gani, linahusiana vipi na alichotafuta mtu, na ukurasa anaofikia ukoje.

Mfano uliorahisishwa. Mkubwa anaweka dau la dola 1, ubora wake 4. Zidisha, anapata 4. Wewe unaweka senti 60, ubora wako 8. Unapata 4.8. Uko juu yake. Na hulipi hata senti 60 zote, unalipa kiasi kinachotosha kumzidi, yaani 4 gawanya kwa 8, karibu senti 50. Hesabu halisi ina mambo zaidi, pamoja na kiwango cha chini cha ubora ambacho usipokifikia huonekani kabisa, ila uti wa mgongo ndio huo.

Kwa hiyo ugawanye matangazo yako katika vikundi vidogo. Wanaotafuta programu ya biashara ndogo wawe na kundi lao, tangazo lao, ukurasa wao. Wanaotafuta programu ya wafanyakazi huru, vivyo hivyo. Mkubwa mwenye bidhaa elfu hana muda wa kufanya hivyo kwa kila swali. Wewe unao.

Tangazo lenyewe linakupa hadi vichwa 15 vya herufi 30 na maelezo 4 ya herufi 90, mfumo unachanganya wenyewe. Herufi 30 ni chache mno kwa lugha yetu yenye maneno marefu, kwa hiyo andika, futa, andika tena. Weka ndani ya kichwa neno lilelile mtu alilotafuta, na kichwa kingine kiseme kitu mahususi: "Tumelinganisha Programu 3" kinashinda "Programu Bora Kuliko Zote", ambacho hakuna anayekiamini.

#9 Jembe_na_Mpini

Samahani mtoa mada, mimi naona mnawapeleka vijana pabaya. Kulipia kliki ni kamari. Nimeona watu wameweka pesa, wiki moja imeisha, hakuna hata mauzo moja. Bora waandike makala wasubiri.

#10 Mpima_Kliki

Mkuu Jembe, hofu yako ni ya haki na sitaipuuza. Anayeweka pesa ya kodi au ya mkopo asifanye hii kazi. Nalisema kwa moyo wote. Pesa ya majaribio ni pesa unayoweza kuikosa nzima na maisha yakaendelea.

Lakini tuangalie hao walioacha baada ya wiki. Walinunua kliki ngapi? Kwa mfano wetu, mauzo ni 1.5 kwa kliki 100. Hata kila kitu kikiwa sawasawa, uwezekano wa kufika kliki 100 bila mauzo hata moja ni kama asilimia 22, karibu mtu mmoja kati ya watano. Huyo akiacha pale, ameacha kitu kizuri. Ukifika kliki 200 bila mauzo, uwezekano huo umeshuka hadi kama asilimia 5. Hapo sasa una ushahidi kwamba makadirio yako hayakuwa sahihi, simamisha.

Kuna kanuni fupi ya takwimu: gawanya 3 kwa kiwango cha mauzo unachohitaji. 3 gawanya kwa 0.015 ni kliki 200. Kwa senti 40 kila kliki, jaribio moja ni dola 80. Unaamua kabla, unaandika kwenye daftari, ukifika hapo bila kitu unazima. Kamari haina daftari la namna hiyo.

Na usisubiri mauzo pekee. Kati ya wageni 100 tulitarajia 30 wapite kwenda kwa muuzaji. Wakipita 6 tu, ukurasa wako ndio mgonjwa na utalijua hilo mapema kabla ya kumaliza bajeti. Wakipita 30 na hakuna anayenunua, tatizo liko kwa muuzaji au kwenye maneno.

Makala ni njia nzuri pia. Nawashauri wenye muda waanze na zote mbili, kwa sababu matangazo yatakuonyesha ndani ya wiki chache maneno gani yanaleta mauzo, kisha unaandika makala za maneno hayohayo badala ya kubahatisha.

#11 Jembe_na_Mpini

Hapo kwenye kuandika kikomo kabla ya kuanza nimekuelewa. Nakubaliana nalo.

#12 Chanda_Pete

Sasa mauzo yanafanyika kwa muuzaji, mimi nitajuaje ni neno gani limeleta?

#13 Nahodha_wa_Usiku

Nimjibu huyu. Mitandao karibu yote inakuruhusu kuongeza utambulisho wako mwishoni mwa kiungo cha afilieti. Google Ads nao wanabandika msimbo wa kipekee kwenye kila kliki, unaitwa GCLID. Ukurasa wako unachukua msimbo huo na kuupachika kwenye kiungo cha afilieti kama utambulisho. Mauzo yakitokea, ripoti ya mtandao inakuonyesha msimbo, nawe unaupakia Google Ads. Hapo mfumo unajua neno, tangazo na kifaa kilicholeta pesa. Mitandao mingine inatuma taarifa kutoka seva yao hadi yako bila wewe kupakia kitu.

Usipofanya hili unaona gharama upande mmoja, kamisheni upande mwingine, katikati giza. Mimi siwashi tangazo lolote kabla ya kujaribu kliki moja ya majaribio na kuona msimbo umefika kwenye ripoti.

#14 Mpima_Kliki

Sina cha kuongeza hapo, isipokuwa muda wa vidakuzi (cookies), yaani alama kwenye kivinjari cha mgeni inayomkumbusha muuzaji kwamba wewe ndiye uliyemleta. Ukimleta mtu leo akanunua baada ya siku 10, utalipwa tu kama mpango unahesabu siku hizo. Mingine inatoa siku 30 na zaidi, Amazon kwa kawaida ni saa 24. Bidhaa ambayo watu huifikiria wiki nzima haiendani na kidakuzi cha siku moja.

Mpangilio wa akaunti, haraka haraka. Unapofungua Google Ads inakusukuma kwenye kampeni rahisi inayojiendesha. Toka hapo, chagua hali ya kitaalamu. Kwenye kampeni ya utafutaji ondoa tiki ya mtandao wa maonyesho (matangazo ndani ya tovuti nyingine, nje ya utafutaji) na ya tovuti washirika wa utafutaji, zote zinakuja zimewashwa. Kwenye eneo, chagua watu waliopo eneo hilo, kwa sababu chaguo la mwanzo linajumuisha pia wanaoonyesha kuvutiwa nalo tu. Zima mapendekezo yanayojitekeleza yenyewe. Weka kikomo cha bei ya kliki. Na ufahamu kwamba bajeti ya siku si ukuta: siku moja inaweza kutumika hadi mara mbili yake, ingawa kwa mwezi haitazidi bajeti hiyo mara 30.4.

Akaunti ikifungiwa usikimbilie kufungua nyingine. Google wanaliona hilo kama kukwepa mfumo, na kosa hilo linafungia bila onyo. Kata rufaa, rekebisha, subiri.

#15 Sauti_ya_Bahari

Kaka, mwisho kabisa. Nikipata faida wiki ya kwanza, naongeza bajeti mara ngapi?

#16 Mpima_Kliki

Dada Sauti, kabla ya kuongeza tazama tarehe ya malipo. Kliki unalipa sasa. Kamisheni nyingi zinashikiliwa mpaka muda wa kurudisha bidhaa upite, mara nyingi mwezi au miwili, na mitandao mingi ina kiwango cha chini cha kutoa pesa. Mtu anaweza kuwa na faida kwenye ripoti na mfukoni hana kitu cha kulipia kliki za kesho. Ukitumia dola 10 kwa siku na malipo yanakuja baada ya siku 60, unahitaji dola 600 za kujitegemea kabla pesa ya kwanza haijaingia. Ukiongeza hadi dola 20, ni 1,200. Kwa hiyo bajeti yako inapandishwa na kamisheni iliyokwisha lipwa. Ile iliyoandikwa "inasubiri" usiiguse kwenye hesabu.

Malipo ya kwanza yakiingia, ongeza kama theluthi kwa yale maneno yaliyoleta mauzo tu, subiri wiki, tazama kama bei ya kliki imepanda. Kisha peleka kampeni hiyohiyo Microsoft Advertising. Wana kitufe cha kuingiza kampeni kutoka Google Ads, watafutaji ni wachache ila mara nyingi kliki ni nafuu. Baada ya kuingiza kagua mipangilio ya eneo na bajeti moja moja kabla ya kuwasha.

Ukiwa na ripoti ya maneno ya wiki ya kwanza ilete hapa, ficha jina la mpango, tuipitie pamoja.